Jina Moja la Watu Thelathini na Watatu

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishagongwa, Oktavia hakurudi moja kwa moja Lyamkena, kwa shangazi yake alikokuwa akiishi siku za masomo. Alikatiza sokoni Makambako, akapita nyuma ya maduka ya mabati na misumari, akaingia kwenye kituo cha mawasiliano. Kilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa mapambo tu. Alifuta vumbi, akafungua madirisha, akavuta kiti cha pembeni na kufungua Barazani.

Barazani ndilo lilikuwa jina la jukwaa la majadiliano kwenye tovuti ya kituo. Mwaka ule wa 2004 soko lilikuwa huria, na kila mkulima alijitafutia mnunuzi kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa hiyo watu wa Njombe na Makete waliandika pale kwamba wana viazi, wana mahindi, wana njegere. Wenye malori wa Makambako nao waliandika kwamba gari linarudi tupu kutoka Songea siku fulani, mwenye mzigo ajitokeze. Asiyejua kuchapa alichapiwa na vijana wa kituoni.

Msimamizi wa Barazani alikuwa Abasi, ambaye wanafunzi walimwita mwalimu kwa sababu ndiye aliyewafundisha kompyuta. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alipomchagua Oktavia awe msaidizi wake, alimketisha chini akamweleza mambo ya ruhusa mara tatu.

"Kusoma, mruhusu kila mtu," alisema. "Kuandika, mruhusu mtu aliyejiandikisha kwa jina lake. Mgeni akiandika, ujumbe wake usubiri kwanza tuukague. Tukishamzoea, tunamwachia aandike bila kusubiri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

"Haya. Hii hapa orodha ya wakulima wa kijijini kwenu, Ikelelo. Wako thelathini na wanane. Waandikishe mmoja mmoja."

Ikelelo kiko kando ya barabara ya kwenda Njombe, juu kwenye baridi, na karibu kila nyumba pale inalima viazi mviringo; baba yake Oktavia, Lukas, aliuza na mbegu. Oktavia aliipokea orodha kwa furaha. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza, na hakuna mtu Ikelelo nzima aliyegusa kompyuta kabla yake. Alijiona mtu mkubwa, na kusema kweli hakukosea sana.

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Kumwandikisha mtu mmoja kulitaka kwanza umfungulie anwani ya barua pepe, halafu ujaze fomu, halafu umpangie ruhusa zake, na mtandao wa siku zile ulitambaa kwa magoti. Ijumaa ya kwanza alimaliza watu watano. Ijumaa ya pili umeme ulikatika mara mbili akiwa kwa mtu yule yule wa sita. Oktavia aliukasirikia umeme, akaikasirikia orodha, akawakasirikia hata wazee wa watu kwa kuwa na majina matatu matatu.

Ndipo alipokumbuka sanduku la posta. Usharika wa Ikelelo ulikuwa na sanduku moja tu la barua huko Makambako, na barua za kijiji kizima zilipitia humo. Mwinjilisti Yoeli alizileta, akawasomea watu majina yao baada ya ibada, na hakuna aliyewahi kulalamika. Sasa kama sanduku moja linatosha, kwa nini jina moja lisitoshe?

Akaandika kwenye fomu: Ikelelo. Jina hilo akalipatia ruhusa ya kuandika bila kusubiri kukaguliwa, ili asisumbuke kuwakagua watu wote wale. Neno la siri aliliandika kwenye kipande cha boksi, na Mwinjilisti Yoeli akalitundika ofisini, jirani na ufunguo wa posta, mahali ambapo hata watoto wa Shule ya Jumapili walilisoma. Hilo ndilo lililoitwa neno la siri!

Wakulima walimsifu. Binti wa Lukas, walisema, ametuandikisha wote kwa siku moja. Naye Abasi alipomuuliza kama amemaliza, Oktavia alijibu bila kupepesa macho, "Nimemaliza, mwalimu. Wote thelathini na wanane."

Uongo huo ulikaa miezi minne bila kumsumbua. Ulimsumbua Ijumaa moja ya Oktoba, alipokuwa ndiyo kwanza anavuta kiti baada ya kukosa Ijumaa mbili kwa ajili ya mitihani. Yasmini aliingia akihema. Walisoma darasa moja, walikula mihogo ya kukaanga kutoka karatasi moja, na baba yake Yasmini, Mansoor, alikuwa na lori la kubeba mazao.

"Umeshafungua Barazani?" Yasmini aliuliza.

"Ndiyo naifungua. Kuna nini?"

"Fungua tu uone. Mimi sisemi."

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. *Tahadhari kwa wote. Mbegu ya viazi ya Lukas wa Ikelelo ina ugonjwa wa mnyauko. Nimeipanda na shamba limelala chini. Aliyeinunua asiipande.* Chini yake watu kumi na mmoja walikuwa wamejibu. Mmoja aliandika, *Asante kwa kutustua.* Mwingine, *Sisi wa Matamba tulikuwa tuchukue magunia arobaini kwa Lukas. Basi tena.* Ulikuwa na siku kumi na tano, umeandikwa siku ya mnada wa Makambako.

Oktavia aliusoma mara mbili. Mara ya pili herufi zilikuwa zinacheza, maana machozi ya hasira yalishajaa.

"Ilikuwa lori la baba liende Matamba na hiyo mbegu Jumatatu," Yasmini alisema kwa sauti ya chini. "Wamempigia simu jana. Wamesema hawaitaki."

Magunia arobaini! Oktavia aliyajua yote. Yalikuwa ghalani kwao, yamekwisha kuchipua, na kila kiazi kilichokuwamo baba yake alikuwa amekichambua kwa mkono. Mvua zikianza bila mbegu ile kwenda shambani, ingebaki chakula cha nguruwe. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa viazi. Baba yake alikuwa mtu ambaye wakulima walisafiri kutoka Makete kumfuata kwa sababu ya jina lake tu. Leo jina hilo limepakwa matope mbele ya watu wote na mtu asiyejulikana.

Aliangalia juu ya ujumbe kuona nani kaandika. Palikuwa pameandikwa: Ikelelo.

Kwa dakika moja alielewa vizuri kabisa ni kitu gani alichokifanya mwezi wa sita. Lakini hasira ni nzuri kwa kufunika mambo, na yake ilikuwa karibu.

"Ni Kristofa," alisema. "Naye anauza mbegu. Ana wivu na baba."

"Umejuaje? Hapo pameandikwa Ikelelo."

"Amejificha humo. Neno la siri la Ikelelo analijua."

"Kwani nani mwingine analijua?"

Oktavia alifungua ukurasa wa wasimamizi, akatafuta jina la Kristofa, ambaye alikuwa mmoja wa wale watano wa mwanzo walioandikishwa vizuri. Mbele ya neno *kuandika* palikuwa na alama ya vyema. Akaiondoa. "Asome tu," alisema huku ameuma meno. "Akome!" Kisha akaufuta ule ujumbe na majibu yake yote kumi na moja.

"Oktavia, hiyo siyo kazi uliyopewa," Yasmini alisema.

"Usinifundishe kazi yangu! Wewe baba yako bado ana lori, atabeba mizigo ya wengine. Sisi je?"

Yasmini alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Oktavia alimwona akivuka barabara, akataka kumwita, lakini hakumwita. Na hata kule kuufuta ujumbe hakukusaidia kitu. Kabla hajazima kompyuta, mtu wa Matamba alikuwa ameshaandika: *Mbona onyo limefutwa? Basi ni kweli tupu.*

Kesho yake alipanda basi kwenda nyumbani. Baba yake, Lukas, alikuwa ameshapata habari kwa Mansoor. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo upole ulikuwa umemhama. Asubuhi nzima alikuwa kwenye mashine ya kusaga, na kila aliyefika na debe lake la mahindi alipewa maneno yale yale.

"Mwoga!" Lukas alisema, na mwanamume aliyekuwa akisaga akapunguza mashine ili asikie vizuri. "Mtu ana neno na mimi, si aje nyumbani kwangu? Mlango ninao. Anakwenda kunichafua Makambako mbele ya watu, na jina lake ameficha. Mwoga mkubwa!"

Wakiwa njiani kurudi, Oktavia alimshika baba yake mkono. "Baba, ni Kristofa."

"Umemwona akiandika?"

"Hapana, ila..."

"Basi nyamaza."

Ila baba mwenyewe, walipofika kwenye njia panda, aliitazama nyumba ya Kristofa kwa muda mrefu, na hakupunga mkono kama kawaida yake.

Ijumaa iliyofuata, Oktavia hajafuta hata kompyuta ya pili, mlango wa kituo ulisukumwa mpaka ukagonga ukuta. Alikuwa Kristofa, na koti la mvua begani.

"Nani amenifunga mdomo?" aliuliza. "Nimekuja Jumanne nikashindwa kuandika. Nimekuja leo, bado. Kijana wako ananiambia eti sina ruhusa. Ruhusa yangu imekwenda wapi, Abasi? Nimemtukana nani?"

Abasi aliinuka mezani kwake, akakaa kwenye kompyuta, akaangalia. Kwenye ukurasa wa wasimamizi kila badiliko liliandikwa pamoja na jina la aliyelifanya na saa. Abasi alisoma kimya, halafu akageuka.

"Oktavia. Ijumaa iliyopita, saa kumi na nusu. Kwa nini?"

Alikuwa ameiweka hasira ile wiki nzima, na sasa ilimwagika yote. "Kwa sababu ndiye aliyemwandikia baba yangu uongo! Anataka watu wanunue mbegu yake! Viazi vyetu vinaoza ghalani kwa ajili yake!"

Kristofa alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Mimi?" alisema. "Siku ya mnada, lilipoandikwa onyo lile, nilikuwa hospitali Njombe, mke wangu anajifungua. Muulize mama yako, ndiye aliyetuletea uji. Na mimi nikiwa na neno na Lukas nitaliandika kwa jina langu, lile lile uliloniandikisha wewe mwenyewe. Angalia humo. Nimewahi kuandika kitu bila jina?"

Abasi aliangalia. Kila ujumbe wa Kristofa, tangu wa kwanza, ulikuwa na jina *Kristofa wa Ikelelo*. Hata pale alipolalamika juu ya bei, hata pale alipogombana na mwenye lori wa Njombe, jina lake lilikaa wazi. Abasi alifungua kumbukumbu za ujumbe uliofutwa, akauona wenyewe na jina lililouandika.

"Huyu Ikelelo nilidhani ni mkulima mmoja. Ni nani?" aliuliza.

Oktavia alishika tena kitambaa chake cha kufutia vumbi.

"Nauliza. Ikelelo ni nani?"

"Ni... ni watu, mwalimu."

"Watu wangapi?"

"Thelathini na watatu."

Abasi alivua miwani, akaiweka mezani polepole, na Oktavia angeona nafuu kama angepigiwa kelele tangu mwanzo.

"Uliniambia umemaliza," Abasi alisema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanijibu kwa mdomo wako. Wote thelathini na wanane. Na juu ya hapo ukawapa watu wote hao jina moja na ruhusa ya kuandika bila kukaguliwa! Sasa mtu amesema neno zito juu ya baba yako. Huenda ni uongo, huenda ni kweli. Tumuulize nani? Siku ya mnada vijana huchapia watu wengi mpaka hawakumbuki nani ni nani. Wote thelathini na watatu wamekuwa washukiwa kwa sababu yako. Huyu bwana tu ndiye tunayejua hakuandika, na ndiye uliyemwadhibu!"

"Nilichoka, mwalimu. Umeme ulikuwa unakatika, na mimi..."

"Kama ulichoka, ungesema umechoka! Wallahi, ningekusaidia mimi mwenyewe."

Alirudisha ruhusa ya Kristofa. Halafu, Oktavia akiwa amesimama nyuma yake, alifungua jina la Oktavia na kuondoa alama moja baada ya nyingine: kusimamia, kufuta, kuandika. Alibakiza kusoma peke yake.

"Jumapili utasema mbele ya watu wa Ikelelo ulichofanya," alisema. "Nitakuja nikusikie."

Oktavia alimgeukia Kristofa akamwomba radhi. Kristofa alitingisha kichwa. "Mimi umeshaniomba," alisema. "Lakini baba yako alinipita njiani wiki nzima bila salamu. Hilo nalo ukalitengeneze."

Jumapili, baada ya ibada, Mwinjilisti Yoeli alitangaza kwamba kikundi cha wakulima kibaki nje kidogo. Walibaki kwenye majani, ukungu haujaondoka, kina mama wamejifunga mablanketi mabegani. Abasi alikuwa amefika kwa basi la asubuhi, akasimama karibu na uzio, mikono nyuma. Oktavia alisimama mbele yao wote. Baba yake hakumwangalia.

Alieleza. Hakuficha kitu: orodha, umeme, jina moja, uongo, Kristofa.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. "Kumbe!" alisema mmoja. "Miezi yote hii tunajua tumeandikishwa!" Mzee mmoja aliyeegemea fimbo aliuliza, "Kwa hiyo mimi huko mjini sina jina?" Aliuliza kwa uchungu kweli.

"Subirini kwanza," sauti ilisema kutoka nyuma. Alikuwa Mama Hulda, mjane aliyekaa ng'ambo ya bonde peke yake. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama mkabala na Lukas, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira kuliko wa mtu yeyote pale.

"Niliyeandika ni mimi," alisema.

Lukas aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Wewe, Mama Hulda? Wewe niliyekuchagulia mbegu kwa mikono yangu? Na ukajificha wiki tatu!"

"Nilijificha wapi? Mimi nilijificha wapi, Baba Oktavia? Viazi vyangu vimenyauka. Nimekuja kwako mara mbili, hupo. Siku ya mnada nikaenda kituoni, kijana akanichapia. Si binti yako alituambia ametuandikisha wote? Nilijua jina langu linatokea pale juu, kila mtu analiona, na wewe unaliona. Nikakusubiri uje uone shamba. Nimekusubiri wiki tatu! Badala ya kuja, nasikia uko kwenye mashine ya kusaga unaniita mwoga."

"Sikujua ni wewe."

"Nami sikujua kwamba hujui!"

Wote wawili, kama waliopatana, waligeuka wakamtazama Oktavia. Hata Mwinjilisti Yoeli alimtazama. Wiki nzima Oktavia alikuwa akimwinda mtu aliyeficha jina lake, na sasa mtu huyo amesimama mbele yake na jina lake mdomoni. Aliyelificha ni yeye. Aliona aibu iliyomchoma kuliko hasira zote alizowahi kuwa nazo.

"Twende shambani," Lukas alisema.

Walikwenda wote na nguo zao za Jumapili, viatu mikononi, wakashuka bondeni kwenye kinyungu cha Mama Hulda, ile bustani ya mtoni inayolimwa kiangazi. Viazi vilikuwa vimelala, majani bado ni ya kijani. Lukas aling'oa shina moja, akalikata kwa kisu, akaomba glasi ya maji safi na kulisimamisha ndani yake. Watu walijazana kuangalia. Baada ya muda mfupi, uzi mweupe ulianza kutoka kwenye shina na kushuka ndani ya maji.

"Ni mnyauko," Lukas alisema. Sauti yake haikuwa tena na makali. "Hukusema uongo, Mama Hulda. Ile mbegu niliyokupa yote uliipanda hapa?"

"Debe moja lilibaki. Nikaipanda nyuma ya nyumba, namwagia maji ya kuoshea vyombo."

Wakapanda tena juu. Nyuma ya nyumba viazi vilikuwa vimesimama, majani mapana, maua yameanza. Lukas alikata shina, akabadilisha maji, akasubiri. Waliisubiri glasi ile mpaka watoto wakachoka. Maji yalibaki safi.

"Mwaka jana kwenye kinyungu ulipanda nini?" aliuliza.

"Nyanya."

"Zikafanyaje?"

Mama Hulda alifikiri kidogo, halafu akaweka mikono kichwani. "Zilinyauka. Nikazing'oa nikazitupa pale pale."

"Basi ugonjwa ulikuwa kwenye udongo. Unapita kwenye nyanya, unapita kwenye viazi. Pumzisha hapo, usipande vyote viwili kwa miaka mitatu minne, panda mahindi. Nami nitakupa mbegu nyingine ya kupanda huku juu."

"Sikujua, Baba Oktavia. Ningejuaje?"

"Ningekuja, ningekuambia. Na ningekuja siku ile ile kama ningejua ni wewe." Lukas alisafisha kisu chake kwenye majani. "Na hilo la mwoga, nisamehe. Nililisema kwa hasira." Kisha akamtafuta Kristofa katikati ya watu, akamfuata, akampa mkono mbele ya wote.

Jumatatu Mama Hulda alikwenda Makambako, akawa wa kwanza kuandikishwa upya. Ujumbe wake aliutamka mwenyewe neno kwa neno, na safari hii jina lake lilikaa juu: *Mimi Hulda wa Ikelelo ndiye niliyetoa onyo. Ugonjwa ulikuwa kwenye shamba langu, si kwenye mbegu ya Lukas. Asiyeamini aje aone mashamba yangu yote mawili.* Wawili wa Matamba hawakuamini, wakaja. Waliona, wakakata viazi viwili vitatu kutoka kila gunia ghalani mpaka wakaridhika. Walichukua magunia thelathini. Kumi yaliyobaki yalikuwa yamekwisha kusinyaa, na hayo hakuna aliyeweza kuyarudisha.

Oktavia hakurudishiwa usimamizi. Kila Ijumaa na kila Jumamosi alikaa pembeni ya Abasi na ile orodha ya zamani, akimsomea majina, akimuuliza kila mkulima anataka aitwe nani huko Barazani. Umeme ulikatika kama kawaida yake. Walisubiri ukarudi. Yasmini alimpitia siku moja, akasimama mlangoni, na Oktavia akatoka nje akamwomba msamaha. Yasmini alisema atafikiria, halafu akamgawia mihogo.

Ijumaa moja, shule na kituo vikiwa vimefungwa, lori la Mansoor lilipopakia magunia na kuondoka Ikelelo, Oktavia na baba yake walibaki wakifagia ghala. Mwisho Lukas aliegemea fagio lake.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua, baba."

"Sikukasirikia uchovu wako. Kila mtu anachoka. Nimekasirika kwa sababu ulisema umemaliza wakati hujamaliza, na watu wakaishi juu ya neno lako hilo. Yule mama alikuwa na haki ya kunilalamikia, na mimi nilikuwa na haki ya kumjibu. Ulitunyang'anya wote wawili, tukatukanana hewani. Mtu ukimpa ruhusa ya kusema, mpe na jina lake, ajulikane nani amesema, aulizwe, ajibiwe. Na kazi ukipewa, ikikushinda, sema imekushinda. Hakuna atakayekuchapa kwa hilo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Lukas aliendelea kufagia mpaka mlangoni. "Kwenye ile orodha wamebaki wangapi?"

"Tisa."

Oktavia alikuwa amewahesabu vizuri, na safari hii ilikuwa kweli. Baba yake alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Basi kesho uwahi basi la kwanza," alisema, na akampa fagio amalizie.